Tairi la spea na mzigo wa juu: yale anayopaswa kuyajua mfanyabiashara avukaye mpaka kwa SUV

Magari ya SUV, yakiwemo yale makubwa ambayo Watanzania waliyapachika jina la mashangingi, yamekuwa maghala madogo ya kutembea kwa wafanyabiashara wengi wa kati wa Afrika Mashariki na nchi jirani. Vitenge na simu kutoka Kariakoo kwenda Tunduma na kuvuka hadi Nakonde, vipuri kutoka Nairobi kwenda Arusha kupitia Namanga, dagaa na mchele kutoka kanda ya ziwa kwenda Rusumo: mzigo ambao haujazi lori na ambao mwenyewe hataki kuuachia basi, hupandishwa kwenye Prado, RAV4 au Land Cruiser ya zamani.

Katika safari ya namna hiyo kuna mambo mawili ambayo kwa kawaida huamuliwa kwa jicho tu, asubuhi ya kuondoka, wakati wapakizi wanasubiri: tairi la spea likae wapi, na kipande gani cha mzigo kipande juu ya keria. Mambo hayo mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana. Spea ikitolewa ndani ili kupisha katoni, mara nyingi huishia juu. Ikiishia juu, inakula sehemu kubwa ya uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba. Isipopanda juu, inaachwa nyumbani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika kabisa.

Spea inayoachwa nyumbani

Tairi la Prado lenye kipimo cha 265/65R17 lina kipenyo cha karibu sentimita 78 na upana wa sentimita 26.5. Likilazwa ndani ya gari linachukua nafasi ya sanduku la mita za ujazo 0.16 hivi, na pamoja na rimu yake uzito wake ni zaidi ya kilo 30. Kwa mtu anayebeba simu au nguo za watoto, nafasi hiyo ni fedha inayoonekana. Kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba safari ya kilomita 900 bila pancha ni jambo la kawaida, na kwamba mafundi wa tairi wapo kila mji.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Faida ya katoni mbili za ziada inajulikana mapema na ni ndogo. Hasara ya kukwama bila spea haijulikani, lakini ikitokea haiishii kwenye bei ya tairi. Inajumuisha gari la kukodi kumfuata fundi, usiku mmoja kando ya barabara na mali isiyo na mlinzi, samaki au mboga zinazoharibika, na mteja wa upande wa pili ambaye hakusubiri. Aidha, kipimo cha 265/65R17 hakipatikani kila mahali. Fundi wa kijijini anaziba tundu la msumari bila shida, lakini tairi lililopasuka ubavuni halizibiki, na hapo dawa ni tairi jingine la kipimo kilekile.

Kwa hiyo swali la msingi kwa mfanyabiashara ni mahali ambapo spea itakaa bila kuharibu kitu kingine, na ambapo itafikika saa nane ya usiku bila kushusha mali yote.

Mahali tatu za kiwandani

Watengenezaji wa magari wameweka spea katika sehemu kuu tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni chini ya chasisi, nyuma ya ekseli. Ndivyo ilivyo kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 100 na wa 200. Tairi linaning'inia kwa mnyororo au waya wa puli, na dereva hulishusha kwa kuzungusha chuma kirefu kinachopita kwenye tundu la bampa. Kwa mwenye mzigo hii ndiyo sehemu bora: uzito uko chini, nafasi ya ndani inabaki huru, na spea inatoka hata kama buti limejaa hadi juu. Ubaya wake ni kwamba dereva anaisahau. Tope na vumbi hujaa kwenye puli, na kwa magari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar chumvi ya bahari hukamilisha kazi. Puli iliyoshika kutu haizunguki siku inapohitajika. Fundi yeyote anaweza kuishusha spea, kuipiga grisi puli na kuirudisha kwa muda usiozidi nusu saa. Kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka kunatosha. Wakati wa kuirudisha, tairi livutwe hadi libane kabisa, kwa sababu linalocheza hukata waya taratibu kwenye barabara ya matuta. Mali hii pia huibwa kwa urahisi, hasa gari linapolala nje ya nyumba ya wageni karibu na mpaka. Mnyororo na kufuli kupitia rimu vinasaidia.

Ya pili ni mlango wa nyuma. RAV4 za vizazi vitatu vya kwanza, kuanzia 1994, zilijulikana kwa spea ya mlangoni, sawa na Suzuki Escudo, Land Rover Defender na Prado nyingi zilizoletwa kutoka Japani. Spea inaonekana, inafikika, na haigusi mzigo. Hata hivyo mlango unabeba tairi, na bawaba zinabeba mlango. Kwenye barabara ya changarawe iliyochongeka matuta, kilo 30 zinazotikisika kwa saa nyingi hulegeza bawaba na kitasa. Dalili ya kwanza ni mlango unaohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, ya pili ni vumbi linaloingia kwenye mali. Mwenye gari anayeweka tairi kubwa kuliko la kiwandani, kwa kupenda sura, anaiharakisha siku hiyo.

Kuna jambo jingine la mlango huu ambalo ni wachache huligundua kabla ya kuvuka mpaka. Mlango wa nyuma wa RAV4 hizo umefungwa bawaba upande wa kulia na hufunguka kutoka kushoto. Nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, ambako magari hupita kushoto, mpakizi anasimama salama kando ya barabara na kuchukua mzigo. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Gari likiegeshwa huko kando ya barabara, mlango wenyewe unakuwa ukuta kati ya mpakizi na duka, naye analazimika kusimama upande wa magari yanayopita. Ni vyema kutafuta uwanja wa kushushia mali badala ya kusimama barabarani.

Ya tatu ni chini ya sakafu ya buti, kama kwenye Nissan X-Trail na Subaru Forester. RAV4 yenyewe ilihamia huko katika kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa 2013, mlango wa nyuma ulipoanza kufunguka kwenda juu. Hapa spea ni salama kwa wezi, mvua na jua, na uzito uko chini. Kwa msafiri mwenye begi moja ni mpango mzuri sana. Kwa mfanyabiashara ni mtego: spea iko chini ya kila kitu alichopakia. Pancha moja inamaanisha kushusha katoni zote barabarani, pengine gizani, mbele ya watu asiowajua.

Kwa gari la namna hii upakiaji ubadilike. Mali ipangwe katika mafungu mawili, lile la nyuma kabisa liwe la vitu vyepesi vichache vikubwa, vinavyotoka kwa mikono miwili bila kufungua vingine. Jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za tahadhari visikae huko chini na spea. Vihamishiwe nyuma ya kiti cha dereva. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya gari, pamoja na vijiti vya mpira vya kuzibia tundu, huliwezesha tairi lililochomwa na msumari kufika kwa fundi bila spea kuguswa. Vifaa hivyo si mbadala wa spea, lakini vinapunguza mara ambazo buti litafunguliwa.

Baadhi ya magari ya sakafuni huja na spea nyembamba ya muda. Imeandikwa ubavuni: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Haikutengenezwa kwa ajili ya gari lililojaa mali kusafiri siku nzima. Kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote, tairi lenye kipenyo tofauti pia huipa kazi ya ziada difu ya katikati. Anayefanya biashara kati ya nchi na nchi anunue spea kamili ya kipimo kilekile, hata ikimlazimu kuinua sakafu ya buti kwa sentimita kadhaa.

Magari ya watalii ya Arusha yameamua vingine. Land Cruiser nyingi zinazoingia Serengeti hubeba spea mbili, zikiwa zimefungwa nyuma kwenye fremu ya chuma. Ni uamuzi wa busara kwa barabara hizo, lakini una bei yake. Chukua spea yenye fremu yake, jumla kilo 45, ikining'inia mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake ziko mbali kwa mita 2.79. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya nyuma inabeba karibu kilo 63, na ya mbele inapunguziwa kilo 18. Spea mbili hufanya kilo 125 nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinaangalia juu na kuwaumiza macho wanaokuja, na springi za nyuma zinachoka mapema.

Paa si sakafu ya pili

Kila gari lina kikomo cha uzito wa juu kilichowekwa na kiwanda, na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa SUV ndogo na za kati kikomo hicho mara nyingi hakifiki kilo 100. Kwa magari ambayo kitabu chake kimeandikwa Kijapani, au kimepotea kabla gari halijafika bandarini, njia rahisi ni kutafuta kitabu cha toleo la Kiingereza la gari hilohilo kwenye intaneti.

Namba hiyo husomwa vibaya kwa namna mbili. Kwanza, keria yenyewe ni sehemu ya mzigo. Keria ndefu ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani hufikia kilo 40 au zaidi. Gari likiruhusiwa kilo 80 juu, zimebaki 40. Spea ikiwekwa hapo, zimebaki chache sana, na bado hata gunia moja halijapanda. Pili, kuna kikomo cha gari likiwa limesimama na kikomo cha gari likiwa linatembea. Land Rover Defender mpya, iliyoingia sokoni 2020, inaruhusiwa kilo 300 ikiwa imesimama, lakini 168 tu ikiwa safarini. Namba kubwa ni ya watu wanaolala kwenye hema la juu. Wauzaji wa keria hupenda kuitaja hiyo.

Juu ya kikomo cha paa kuna kikomo cha gari zima, na hiki ndicho kinachovunjwa zaidi kwa sababu hakionekani. Mfano: gari lenye uzito wa kilo 2,250 likiwa tupu, na kikomo cha kilo 2,900 likiwa limejaa. Tofauti ni kilo 650. Watu watano wa kilo 70 ni 350. Keria ni 40, spea ya pili 35. Zimebaki kilo 225, yaani magunia mawili ya mchele na kidogo juu yake. Wapo wanaolipakia gari hilo magunia sita kwa sababu viti vya nyuma vinalala na nafasi ipo. Nafasi si uzito.

Malori yana mizani ya kuyazuia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. SUV nyingi ziko chini ya hapo, hivyo hupita pembeni ya mizani bila kuulizwa. Hakuna wa kumwambia mwenye gari kwamba amezidisha, isipokuwa springi zake na matairi yake. Mizani za wenye maghala ya nafaka zinaweza kumpa jibu kwa gharama ndogo kabla hajaanza safari.

Kwa nini kilo ya juu ni nzito kuliko ya chini

Wataalamu wa usalama wa magari hutumia kipimo rahisi kueleza uwezekano wa gari kupinduka: nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, igawanywe kwa kimo cha kitovu cha uzito. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kukitumia kupanga magari kuanzia matoleo ya 2001. Kwa mujibu wa mamlaka hiyo magari madogo ya kawaida hupata 1.30 hadi 1.50, na SUV hupata 1.00 hadi 1.30. Namba ikishuka, gari hupinduka kwa kona ndogo zaidi.

Chukua SUV ya kilo 2,200 ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 70 kutoka ardhini, na magurudumu yake yako mbali kwa sentimita 158. Kipimo chake ni 1.13. Pandisha kilo 100 kwenye keria, mita 2 kutoka ardhini: kitovu kinapanda hadi sentimita 75.7 na kipimo kinashuka hadi 1.04. Pandisha kilo 200: kitovu kinafika sentimita 80.8 na kipimo ni 0.98, chini kabisa ya kundi la SUV zilizopimwa. Kilo hizohizo zikiwekwa kwenye sakafu ya gari, sentimita 70 au 80 kutoka ardhini, kipimo karibu hakibadiliki.

Hii ndiyo sababu dereva aliyezoea gari lake tupu hushangazwa na gari hilohilo kwenye kona za Kitonga au mteremko wa Sekenke. Anajua breki zake na anajua kona yenyewe. Alichokuwa hajui ni kwamba gari analoliendesha siku hiyo si lile la jana.

Uhusiano wa tairi na kupinduka ulijulikana dunia nzima mwaka 2000, kampuni ya Firestone ilipoyaita sokoni matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye SUV aina ya Ford Explorer. Sehemu ya juu ya matairi hayo ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwenye mwendo, kisha gari refu linayumba na kupinduka. NHTSA ilihusisha matairi hayo na vifo 271 nchini Marekani. Kampuni hizo mbili zilivutana kuhusu chanzo, na sehemu ya mvutano ilikuwa upepo: Ford ilipendekeza psi 26, Firestone ikasema ingefaa iwe 30. Mazingira ambayo tairi hubanduka yanafahamika kwa dereva yeyote wa Afrika Mashariki: joto kali, mwendo mkubwa kwa muda mrefu, uzito mwingi na upepo mdogo. Mzigo wa juu unaongeza uzito kwenye tairi na, tairi likishindwa, unalisaidia gari kuanguka.

Nini kipande, nini kibaki

Kanuni inayofuatwa na madereva wenye uzoefu ni fupi: kizito chini na katikati, chepesi juu. Vitenge, katoni za simu, vipuri, mafuta ya kupikia na mchele ni vya ndani, vikibanwa nyuma ya viti. Magodoro, ndoo tupu za plastiki, vikapu, viatu visivyo na maboksi ni vya juu. Jerikeni ya petroli haipaswi kupanda juu ya gari lenye abiria wala kuingia ndani.

Spea ipande juu pale tu ambapo hakuna njia nyingine na kikomo cha paa kinaruhusu. Ikipanda, ilazwe, isisimamishwe. Mkanda wenye kibano cha kukaza upite ndani ya tundu la rimu na kuzunguka bomba la keria, si kuzunguka tairi kwa nje pekee. Ifungwe mbele ya mzigo mwingine, na ifunikwe, kwani jua hukausha mpira na kuupasua nyufa ndogo kabla haujawahi kugusa lami. Pia mwenye gari ajiulize nani atalishusha. Kilo 30 kutoka kimo cha mita 2, kwa mtu mmoja aliyechoka, kwenye bega la barabara lenye mteremko, ni njia ya kuvunja mguu.

Inayolala ndani nayo ifungwe. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kitu kisichofungwa kinaweza kurushwa mbele kwa nguvu inayofika mara 30 ya uzito wake. Kwa spea ya kilo 30 hiyo ni karibu tani moja kwenye mgongo wa kiti.

Kamba za manila bado ndizo zinazotumika zaidi, na si mbaya zikiwa mpya na zikiwa nyingi. Tatizo lake ni kwamba hunyooka zikilowa na kukatika zinaposuguana na ukingo wa chuma. Vipande vya mpira wa tyubu, vinavyopendwa na waendesha bodaboda, vinafaa kushikilia turubai tu. Breki ya ghafla huusukuma mzigo wa kilo 100 kwenda mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 80, na mpira huo hujibu kwa kuvutika. Mikanda ya kukaza iwe minne: miwili ya kukatiza na miwili inayovuta kwenda mbele na nyuma. Turubai libanwe mbele kwanza, maana upepo ukiingia chini yake unaligeuza tanga. Kisha gari lisimame baada ya kilomita 50 hivi na mikanda ikazwe upya, kwa sababu mzigo wowote hujipanga upya safarini.

Bei ya upepo

Gharama ya keria haimo kwenye risiti, imo kwenye mafuta. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa sanduku kubwa la juu hupunguza umbali unaosafiriwa kwa lita moja kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na asilimia 2 hadi 8 mjini. Turubai lililovimba halina nafuu kuliko sanduku.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni karibu kilomita 930. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 linatumia lita 112. Ongezeko la asilimia 10 ni lita 11 za kwenda, na nyingine kama mzigo wa kurudi nao uko juu. Mfanyabiashara azigawe lita hizo kwa thamani ya alichokipandisha. Kwa magodoro huenda inalipa. Kwa mfuko mmoja wa nguo ambao ungeingia miguuni mwa abiria, hailipi. Keria inayobaki juu mwaka mzima bila mzigo nayo inakula mafuta kila siku, na hili ndilo watu hawalioni kabisa.

Umri na upepo wa spea

Spea inazeeka hata bila kutumika. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa, wakiwemo Michelin na Continental, wanashauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata zake ni nzima, na spea imo katika ushauri huo. Kenya huruhusu magari yaliyotumika ya umri usiozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Gari la namna hiyo likija na spea yake ya kwanza ambayo haijaguswa, tairi hilo linaonekana jipya na liko karibu na mwisho wa maisha yake.

Namba baada ya kipimo nayo isomwe. Kwenye 265/65R17 112S, namba 112 ina maana ya kilo 1,120 kwa tairi moja. Kwenye 225/65R17 102H, 102 ni kilo 850. Spea ya bei nafuu yenye namba ndogo kuliko matairi mengine haifai kwa gari la mzigo. Upepo wa spea ujazwe kwa kiwango cha gari lililojaa, kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwani ni rahisi kupunguza upepo barabarani kuliko kuuongeza.

Kwenye geti

Kwa forodha, spea iliyoko mahali pake, kwenye rimu, ni sehemu ya gari. Matairi matatu mapya yasiyo na rimu yaliyofungwa juu ni bidhaa, na maelezo kwamba ni ya akiba hayamshawishi ofisa. Anayeyabeba kwa ajili ya kuuza ayatangaze kama mali nyingine. Ikumbukwe kuwa cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Tairi la Japani au China lililonunuliwa Nairobi halipati msamaha kwa sababu tu limenunuliwa Nairobi.

Mzigo wa juu uliofunikwa utafunguliwa. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, Rusumo na Mutukula, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande wa kuingilia, hivyo kwa kawaida turubai linafunguliwa mara moja badala ya mbili. Mikanda ya kukaza inaokoa muda hapo. Fundo la manila lililolowa hukatwa kwa kisu, na kamba ya kurudishia inauzwa na vijana wa getini kwa bei yao. Vitu vilivyomo kwenye ankara vipangwe kwa mfuatano wa ankara hiyo.

Suala la bima huachwa mwisho na wengi. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, inatambuliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi. Inalipa madhara aliyopata mtu wa tatu. Haimlipi mwenye mali kwa katoni zilizodondoka kwenye keria, na sera nyingi za bima ya gari binafsi haziruhusu gari hilo kubeba bidhaa za kuuza. Anayesafiri kila wiki na mali aulizie kwa wakala wake bima ya mali iliyo safarini na gharama ya kubadili matumizi ya gari kwenye sera, na jibu alipate kwa maandishi kabla ya kufunga mkanda wa kwanza.